Sensa ya breki pedi: maswali yanayoulizwa kila siku na majibu yake

Haya maswali nimeyajibu kwa simu, kwa meseji, na mara nyingine nimelala chini ya gari huku mwenye gari kachuchumaa pembeni anauliza, sasa nimeona niyaweke sehemu moja nipumzike. Mi sio injinia, ni mtu wa kushika spana, kwahiyo utasoma kiswahili cha gereji humu, vumilia.

Sensa ya breki pedi ni kitu gani hasa?

Ni kitu cha kukwambia pedi zimekaribia kuisha kabla hazijaisha kweli. Breki pedi mpya ya mbele kwa gari ndogo huwa na nyama ya milimita 10 hadi 12 hivi, na kila ukikanyaga breki ile nyama inasuguliwa na diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na tairi, inapungua kidogo kidogo. Ikifika milimita 3 unatakiwa ubadilishe. Sasa nani atakuwa anavua tairi kila wiki kwenda kupima? Hakuna. Ndo maana wakaweka kitu cha kupiga kelele au kuwasha taa.

Ziko aina mbili kubwa, kibati cha chuma kinacholia na sensa ya waya inayowasha taa. Watu wengi wanazichanganya na ugomvi mwingi na mafundi unaanzia hapo hapo.

Kibati kinacholia ni nini?

Ukiishika pedi mkononi utaona kwenye bati lake la nyuma kuna kidude cha chuma kimekunjwa kama kidole, kimeinama kuelekea upande wa diski. Hicho ndo chenyewe. Nyama ikibaki kama milimita 2 au 3 kile kidole kinaigusa diski, na diski ikizunguka inatoka sauti nyembamba kali ya kukera, wiiiii, mpaka watu wa barabarani wanageuka. Hakina waya, hakina taa, hakiharibiki kirahisi, na magari mengi ya Kijapani ya kawaida ndo yanayo.

Cha kuangalia ni kwamba sauti ya kibati mara nyingi unaisikia gari inatembea bila kukanyaga breki, halafu ukikanyaga inabadilika au inapotea kabisa. Hapo ndo watu wanajidanganya, "mbona nikikanyaga haipigi kelele, breki ziko poa". Haziko poa mkuu, umekibana tu kile kibati kikashindwa kutetema.

Na ya waya inafanyaje kazi?

Hii ni rahisi kuliko unavyodhani. Ni waya mwembamba umefunikwa kwenye kichwa kidogo cha plastiki, kile kichwa kinachomekwa kwenye tundu la pedi, usawa ule ambao nyama ikiisha kiasi fulani diski itakifikia. Diski inakila kile kichwa cha plastiki, ikishaifikia waya kazi imekwisha, taa inawaka.

Ila waya ukishafikiwa, magari hayafanani. Kuna yale ambayo waya umepita kama kitanzi, umeme unaenda na kurudi muda wote, diski ikiukata kompyuta inaona njia imekatika na taa inawaka. BMW wanatumia mtindo huu. Halafu kuna mtindo wa Mercedes-Benz nyingi, pale waya ni mmoja tu na hauna pa kurudi, ukichubuliwa ukaigusa diski umeme unapata njia ya kwenda kwenye bodi ya gari na hapo ndo taa inawaka. Shika hii tofauti kichwani maana ukianza kutafuta tatizo itakuokoa: kwenye mtindo wa kwanza waya ukikatika hovyo njiani taa itawaka hata kama pedi ni mpya, kwenye mtindo wa pili waya ukikatika taa haitawaka KABISA hata pedi ziishe.

Zipo pia za hatua mbili, vitanzi viwili kwenye kichwa kimoja, cha kwanza kikikatwa kompyuta inaanza kupiga hesabu ya kilomita zilizobaki, cha pili kikikatwa inakwambia nenda gereji sasa. Kwahiyo zile kilomita unazoziona kwenye skrini ni makadirio, sio kwamba gari inaichungulia pedi kila dakika.

Nitajuaje gari yangu ina ipi?

Angalia nyuma ya tairi, kwenye kalipa, kile chuma kinachoikumbatia diski na kubana pedi. Ukiona waya mwembamba unaingia kwenye pedi yenyewe ina sensa. Usichanganye na waya unaoingia kwenye habu, katikati ya tairi, ule ni wa ABS, mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki ghafla. Au washa swichi bila kupiga stata, taa zote za dashibodi zinawaka sekunde kadhaa, tafuta ile ya duara lenye vistari vya kukatikakatika pembeni kushoto na kulia, hiyo ndo ya pedi. Kama haipo na gari haina skrini ya kuandika meseji, kuna uwezekano mkubwa umepewa kibati tu.

Zinakaa tairi zote nne?

Inategemea. BMW nyingi zina mbili tu, mbele kushoto na nyuma kulia. Zipo gari zina mbele tu, zipo zenye zote nne. Maana yake kwenye gari ya sensa mbili, tairi mbili hazina mtu wa kuzisemea.

Taa imewaka. Ni hatari?

Kwanza tujue ni taa ipi. Ya njano yenye duara na vistari ni ya pedi, inasema panga kwenda kubadilisha. Ya NYEKUNDU yenye duara na alama ya mshangao ndani ni habari nyingine, inaweza kuwa handibreki hujaishusha vizuri, mafuta ya breki yameshuka, au mfumo una shida. Nyekundu ikiwaka unatembea na handibreki umeshusha, paki kwanza uangalie mafuta, usijifanye unawahi.

Ya njano ikiwaka naweza kutembea kilomita ngapi?

Hili swali kila mtu analo na kila mtu anataka namba. Namba hamna. Mtu wa kutembea barabara kuu mwendo mmoja anaweza kukanyaga breki mara chache kwa saa nzima, mwingine yuko kwenye foleni anakanyaga kila mita ishirini, au anashuka milima na mzigo. Milimita 3 za huyu sio milimita 3 za yule.

Halafu pedi ikiwa nyembamba joto linapita haraka kwenda kwenye pistoni, ile inayoisukuma pedi, na mafuta ya breki. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa yavumilie mpaka angalau nyuzi 230 kabla ya kuchemka, ila yanavuta unyevu kwenye hewa, yakishazeeka kiwango kinachotakiwa ni 155 tu. Yakichemka unapata mapovu ndani ya bomba, unakanyaga pedo inazama kama unakanyaga sponji. Kwahiyo jibu langu mi huwa ni hilo hilo, taa imewaka leo, wiki hii pedi zibadilishwe, na safari ya milimani iahirishwe.

Taa haijawaka, maana yake pedi zangu ziko sawa?

Hapa ndo nataka usome taratibu.

HAPANA. Sensa inaona pedi MOJA. Kila tairi lenye diski lina pedi mbili, ya ndani na ya nje, na sensa kwa kawaida imechomekwa kwenye moja tu, mara nyingi ya ndani, kwasababu kwenye kalipa za kuteleza ile ya ndani ndo iko upande wa pistoni na ndo huwa inaisha haraka kidogo. Sasa kalipa hizi zinateleza kwenye pini mbili, zile pini zinatakiwa ziwe na grisi na mpira wake uwe mzima. Mpira ukichanika maji na vumbi vinaingia, pini inashika kutu, kalipa haitelezi tena, na pedi zinaanza kuisha kila moja kivyake.

Mwaka jana nilifungua tairi ya mbele ya gari moja ambayo mwenyewe alikuja kwa sauti tu, krrr krrr ya kusaga kila akisimama, akasisitiza sio pedi maana taa haijawaka na gari yake ina sensa. Nikatoa pedi ya ndani, yenye sensa, nyama ipo, kama milimita 5, kichwa cha sensa hakijaguswa hata kidogo. Nikatoa ya nje, hakuna kitu. Hakuna nyama. Bati tupu limeng'aa kama sarafu mpya, na diski upande wa nje ina mifereji ukipitisha ukucha unakwama. Pini ya chini ilikuwa imeganda mpaka nikaigonga na nyundo, ilivyotoka ilikuwa na kutu ya rangi ya kahawa na grisi imekauka kama ugoro. Ile sensa haikukosea, ilikuwa inaangalia pedi yake na pedi yake ilikuwa nzima. Mwenye gari akawa anaishika ile pedi anaigeuza geuza hasemi kitu.

Kwahiyo kila ukivua tairi kwa sababu yoyote, hata ya pancha, piga tochi uangalie pedi zote mbili. Dakika moja haifiki.

Nimebadilisha pedi, taa bado inawaka. Fundi kanipiga?

Sio lazima. Sababu ya kwanza kabisa ni kwamba sensa haikubadilishwa, pedi mpya zimefungwa na sensa ile ile iliyokwisha liwa. Ikishaliwa haifufuki. Nyingine ni gari kutaka kurisetiwa, kwenye BMW za miaka ya karibuni lazima uingie kwenye menyu ya sevisi uiambie pedi ni mpya, na kama sensa bado ni mbovu itakataa kurisetika hata ubonyeze mpaka kidole kiume. Au plagi ya sensa haijaingia vizuri, inatakiwa isikike "ta".

Na kuna hii ya kubadilisha sensa ya mbele wakati iliyoliwa ni ya nyuma. Usicheke, inatokea.

Fundi aliunganisha waya na taa imezima. Si ndo imepona?

Imezimwa, haijapona. Kwenye zile za kitanzi ukikata kichwa cha sensa ukasokota waya mbili pamoja, kompyuta inaona njia haijakatika na inaridhika milele. Milele yenyewe ndo tatizo, maana pedi zikiisha tena hamna wa kukwambia. Na gari ikiuzwa, anayenunua anajua ana sensa kumbe ana waya na gundi ya umeme. Nimeshakutana na hizi nyingi, zimefungwa solotepu nyeusi zimefichwa nyuma ya shokabu.

Zile za hatua mbili ujanja huu unaweza usikubali kabisa kwasababu kompyuta inapima ukinzani, ukiunganisha moja kwa moja inapata namba isiyoitarajia na inaleta kosa lingine.

Kama huna hela ya sensa kwa sasa ni heri taa iendelee kuwaka, itakukera lakini itakukumbusha.

Kila nikibadilisha pedi lazima na sensa?

Ikiwa imeguswa na diski, lazima. Ikiwa haijaguswa unaweza kuirudisha, kinadharia. Kiuhalisia ile plastiki imekaa kwenye joto miaka, ukiivuta inavunjika kama biskuti, na ikivunjika ukiwa umeshafungua kila kitu na duka la spea limefungwa ndo unajua hujui. Mi nanunua pamoja na pedi moja kwa moja. Kuna pedi zinakuja na sensa yake ndani ya boksi, uliza kabla ya kulipa.

Uliza pia kama hizo pedi zina tundu la sensa. Pedi za bei ya chini nyingine hazina, halafu fundi anaifunga sensa na zipu ya plastiki pembeni inaning'inia. Pale imekuwa pambo.

Taa inawaka na kuzima, pedi nimeangalia bado nene.

Hapo shuku waya kabla ya kitu kingine. Waya wa sensa unapita sehemu mbaya, unakunjwa kila ukikata kona, unapigwa na tope, mawe, na maji ya presha ya kuoshea gari. Angalia hivi: je taa inawaka ukikata kona upande mmoja? Waya umevutika au unagusa tairi. Inawaka baada ya kuosha au mvua? Maji yameingia kwenye plagi, ichomoe, angalia kama pini zina ukungu wa kijani, safisha, kausha, rudisha. Na hakikisha waya umepita kwenye vishikizo vyake vyote, fundi mvivu huwa anaruka kimoja na kile kimoja ndo kilikuwa kinauzuia usisuguliwe na rimu.

Naweza kuipima mwenyewe?

Kwa maltimita, ile mita ya kupimia umeme, ndio, kama ni ya kitanzi. Chomoa plagi, weka mita kwenye ukinzani, gusa pini zote mbili. Ya hatua moja ikiwa nzima inasoma karibu na sifuri, ikikatika haisomi kitu. Ya waya mmoja pima kati ya waya na chuma cha kalipa, nzima haitakiwi kusoma kitu, ikisoma maana yake imeshachubuka. Unaona zimepishana? Ndo maana nilisema ushike ile tofauti.

Mafuta ya breki yameshuka, niongeze?

Subiri. Pedi zikiisha pistoni zinatoka nje kufuata pedi, na nafasi inayobaki nyuma inajazwa na mafuta kutoka kwenye kikopo cha mafuta ya breki. Kwahiyo kushuka taratibu ni kawaida na ni dalili nzuri tu ya kwamba pedi zimekonda, hata taa nyekundu inaweza kuchungulia ukikata kona kwa kasi mafuta yakilala upande mmoja. Ukiongeza mpaka juu leo, kesho ukifunga pedi mpya pistoni zinarudishwa ndani, mafuta yanapanda yanamwagika, na mafuta ya DOT 3 na DOT 4 yanakula rangi ya gari. Angalia pedi kwanza. Kama pedi ni nene na mafuta yameshuka kuna mahali panavuja, hiyo usitembee nayo.

Nimefunga pedi mpya na zinalia. Sensa?

Kwa pedi mpya mara nyingi sio sensa. Ni pedi hazijazoeana na diski, tafuta barabara tupu upunguze mwendo kutoka 60 hadi 10 taratibu, mara kumi hivi bila kusimama kabisa, uache zipoe katikati. Au zile klipu za chuma hazikurudishwa. Au kibati kimefungwa kimekunjika kikagusa diski kabla ya wakati wake, hii inatokea pedi zikigeuzwa upande.

Asubuhi baada ya mvua ukisikia krrr mara mbili tatu halafu basi, hiyo ni kutu nyepesi juu ya diski. Achana nayo.

Ni sawa na sensa ya ABS?

Hapana, ya ABS inahesabu kasi ya tairi. Mtu akikwambia "sensa ya breki" muulize ipi kabla hujanunua.

Nyuma yangu ni drami, kuna sensa?

Kwa kawaida hamna. Drami ni ile breki ya ngoma, haina diski, na breki shuu zake za ndani zinaangaliwa kwa kufungua drami au kuchungulia kwenye kitundu cha nyuma kama kipo. Handibreki ikianza kupanda juu sana kuliko zamani, fungua uangalie.

Gari ya haibridi au ya umeme pedi haziishi, kwanini iwe na sensa?

Zinaisha polepole kweli, kwasababu mota inafanya sehemu kubwa ya kupunguza mwendo. Ila shida inahamia kwingine, breki isiyotumika inashika kutu, pini zinaganda, pedi inabanana kwenye kishikizo chake. Na sensa haijui kutu. Hizi gari zifunguliwe pini zipakwe grisi hata kama pedi zina nyama tele.

Nataka kubadilisha sensa mwenyewe, niangalie nini?

Gari iwe sehemu tambarare, kabari kwenye tairi, na usiingie chini ikiwa imeshikiliwa na jeki peke yake, weka stendi. Chomoa plagi ya zamani kabla hujaanza kuvuta kichwa kwenye pedi, na kabla ya kuitoa piga picha na simu jinsi waya ulivyopita, hiyo picha utaitafuta baadae. Kalipa usiiache inaning'inia kwa bomba lake, ifunge na waya kwenye springi.

Kama handibreki yako ni ya kubonyeza kitufe, USIISUKUME pistoni ya nyuma kwa nguvu kabla hujaiweka gari kwenye modi ya sevisi, ndani kuna mota na utaivunja, na bei yake haifanani kabisa na ya sensa. Diski nayo ipime, kiwango cha chini cha unene huwa kimeandikwa kwenye diski yenyewe kwa herufi ndogo MIN TH, ikiwa chini ya hapo pedi mpya juu yake ni kupoteza pesa.

Ukimaliza kufunga, kabla hujawasha kuondoka, pampu pedo ya breki mpaka iwe ngumu. Ya kwanza itazama mpaka chini kwasababu pistoni ziko ndani, na kama umepaki kuangalia ukuta ndo utakumbuka kwanini nimeandika hii mstari.